Bango moja, ofisi tatu: kumtetea mtoto wa chekechea Arusha na Moshi

Pita Ngarenaro, Sakina, Pasua au Majengo, hukosi kuona bango la bati lililochorwa ua, penseli na katuni, na chini yake maneno matatu kwenye mstari mmoja: dei kea, nasari, inglishi midiamu. Mzazi anasoma bango moja. Serikali, kwa upande wake, imemgawa mtoto yuleyule kwa ofisi tatu. Ndiyo maana mzazi mwenye hoja nzuri kabisa huzungushwa wiki nzima. Anampelekea Afisa Elimu Kata habari za mtoto wa miaka mitatu, anajibiwa kwamba pale si shule. Anakwenda ustawi wa jamii na habari za darasa la awali, anajibiwa kwamba ile ni shule. Sheria ipo, na watu wa kuisimamia wapo. Malalamiko yanafia njiani kwa sababu yamepelekwa mlango usio wake.

Mgawanyo wenyewe uko hivi. Kituo cha kulelea watoto mchana, ambacho mtaani wengi wanakiita dei kea, kinatambuliwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Usajili wake uko chini ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na anayeingia mlangoni kukagua ni Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Darasa la awali, lile ambalo wazee bado wanaliita vidudu, liko chini ya Wizara ya Elimu. Likiwa ndani ya shule ya msingi ya serikali linaendeshwa na halmashauri, na ubora wake unakaguliwa na wathibiti ubora wa shule. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inataka mwaka mmoja wa awali mtoto akiwa na miaka 5, ili aanze darasa la kwanza akiwa na 6. Ofisi ya tatu ni afya: kadi ya kliniki, chanjo, uzito, lishe, choo na maji.

Lipo pia kundi ambalo halina bango kabisa. Ni mama wa nyumba ya tatu anayeachiwa watoto saa 11 alfajiri, akina mama wenyewe wakiwahi Soko la Kilombero au Mbuyuni. Kisheria naye analea watoto wa watu kwa malipo, lakini hamna orodha ya ofisi yoyote inayomtaja. Tutamrudia.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika barua au kupiga simu, pata majibu mawili: mtoto ana umri gani, na cheti kilichotundikwa ukutani kimetolewa na nani. Mzazi ana haki ya kuomba kukiona cheti, tena siku ya kuandikisha, kabla ada haijalipwa. Mwenye kituo anayesema cheti "kiko kwa mhasibu" amekwishajibu.

Serikali yenyewe ililiona tatizo hili la mtoto kukatwa vipande. Desemba 2021 ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa kifupi PJT-MMMAM, ya kuanzia 2021/22 hadi 2025/26, kwa watoto wa tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Inasimama juu ya mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Jina ni refu na kifupi chake hakitamkiki, lakini kwa mtetezi ina faida moja kubwa. Ofisa akisema "hilo si langu", unaweza kumwonyesha programu ya serikali yake inayomtaka akae meza moja na wenzake.

Vifungu vinavyotosha kubeba mfukoni

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991 na ule wa Afrika mwaka 2003. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake hapa hapa Arusha, lakini mzazi wa Unga Limited hana sababu ya kupanda huko. Vifungu vichache vya Sheria ya Mtoto vinamtosha.

Kifungu cha 4 kinataka maslahi ya mtoto yawe ya kwanza katika kila hatua inayomhusu. Cha 8 kinaorodhesha anachodai: chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na mwongozo, uhuru, na, neno ambalo wengi hulipita haraka, kucheza na kupumzika. Cha 11 kinampa haki ya kutoa maoni. Cha 95 kinamgusa kila mtu: mwanajamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa ana wajibu wa kuripoti kwa serikali ya mtaa wa mahali hapo. Na kifungu hichohicho kinataja kumnyima mtoto mchezo sambamba na kumnyima chakula. Jirani anayejiambia "ya ngoswe mwachie ngoswe" hapa yuko upande mbaya wa sheria.

Kiboko kinahitaji aya yake, maana ndicho kinachozua ubishi mkali kuliko vyote. Watetezi wengi hukurupuka na kusema adhabu ya viboko imepigwa marufuku Tanzania Bara. Mwalimu mkuu huwatolea Kanuni za Adhabu ya Viboko za mwaka 2002, na mjadala unaishia hapo. Kanuni hizo zipo kweli, lakini zisome mpaka mwisho. Anayeruhusiwa kuchapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Viboko visizidi vinne. Kosa liwe kubwa. Tukio liandikwe kitabuni. Sasa weka kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto pembeni yake: hakuna adhabu ya kumrekebisha mtoto inayohalalika ikiwa imezidi umri na hali yake ya mwili na akili, au ikiwa kwa udogo wake hawezi kuelewa lengo la adhabu hiyo. Mtoto wa miaka minne aliyepigwa rula kwa kuwa ameandika herufi kinyumenyume haelewi amekosa nini, kwa sababu hajakosa. Kugeuza herufi ni jambo la kawaida la umri ule. Aidha, Kanuni za 2002 ziliandikwa kwa ajili ya shule. Mlezi wa kituo cha mchana hawezi kujificha nyuma yake. Hoja ikijengwa hivi haina haja ya kelele.

Upo pia Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2023, uliosimamisha huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Kwa Arusha na Kilimanjaro, ambako biashara ya bweni ni kubwa, waraka huo uliwagusa wengi. Ukiona mabasi yanashusha masanduku ya watoto wa miaka mitano mwezi Januari, hapo huhitaji kubishana kuhusu malezi, taja waraka.

Kujifunza kunafananaje katika umri huu

Ugomvi mkubwa wa haki kwenye chekechea za mjini hauhusu kipigo. Unahusu daftari. Mzazi analipa ada, anataka kuona kitu, na kitu kinachoonekana ni kurasa zilizojazwa. Mwenye kituo analijua hilo. Matokeo yake, mtoto wa miaka mitatu anashikishwa penseli saa nzima, anaandika "a" mistari ishirini, anapewa kazi ya nyumbani, na dada wa kazi ndiye anayeimalizia usiku.

Misuli midogo ya vidole vya mtoto wa umri huo haijakomaa kushika penseli kwa muda mrefu. Inakomaa kwa kufinyanga udongo, kurarua karatasi, kutunga shanga, kumenya karanga, kufungua na kufunga vifuniko vya chupa. Mtaala wa elimu ya awali unaongozwa na wazo hilohilo: una kona za kujifunzia, michezo, nyimbo na hadithi, na Kiswahili ndiyo lugha ya shule za awali za umma. Kona ya duka ikiwa na maboksi matupu ya majani ya chai, vizibo vya soda badala ya hela na mizani ya kijiti na kamba, mtoto anahesabu, anapanga, anajadiliana bei na kungoja zamu yake. Hayo yote hayaonekani kwenye daftari. Mwalimu anayejua kazi yake anaweza kumweleza mzazi kila kona inafundisha nini. Akishindwa kueleza, au kona zikiwa zimesafishwa na kutundikwa juu kama mapambo ya kuwaonyesha wakaguzi, hapo una hoja.

Idadi nayo. Kiwango cha taifa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Darasa likiwa na 75, haki ya mtoto ya kusikilizwa imekwishapotea kabla mwalimu hajafungua kinywa, na kumlaumu yeye peke yake ni uonevu. Hoja hiyo ipelekwe kwa mwajiri wake.

Kwa mtoto mwenye ulemavu au usonji, jibu la "mpeleke shule maalumu" mara nyingi hutolewa kabla hajafanyiwa uchunguzi wowote. Mkoa wa Arusha una bahati ya kuwa na Chuo cha Ualimu Patandi, Tengeru, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, kwa hiyo ujuzi hauko mbali. Kinachohitajika ni ofisi ya elimu kuandikiwa, isiachwe ijibu kwa mdomo.

Maji yanayochafua meno

Kuna haki moja ambayo katika ukanda wa Mlima Meru ina sura yake ya pekee. Miamba ya volkano huachia floridi katika maji ya visima na chemchemi nyingi za Arusha na Arumeru. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo kadhaa vya huku huvuka hapo kwa mbali. Anayeumia zaidi ni mtoto chini ya miaka 8, maana meno yake ya kudumu yanajengwa ndani ya fizi wakati huo. Yakitoka yameshapata madoa ya kahawia, na hakuna mswaki utakaoyaondoa. Floridi ikizidi sana kwa miaka mingi, huingia hata kwenye mifupa.

Kosa linalorudiwa kila mahali ni kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, na kwa hilo kuendelee. Floridi haiondoki kwa moto. Maji yanapopungua kwa mvuke, inayobaki inakolea. Kichujio cha mshumaa cha kawaida nacho hakiigusi. Kinachofanya kazi ni kichujio cha mkaa wa mifupa, teknolojia iliyofanyiwa kazi miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arumeru. Lakini mkaa huo hushiba. Ukishiba, maji yanapita yakiwa meupe na matamu huku floridi ikiwa ileile, hivyo kituo kinachojisifu kina kichujio kiulizwe mkaa ulibadilishwa lini na maji yalipimwa wapi. Magadi kwenye maharage au makande nayo yanaongeza mzigo, na dawa ya meno yenye floridi mtoto anayeimeza apewe kiasi cha punje ndogo tu.

Njia rahisi kuliko zote ni mvua. Maji ya mvua karibu hayana floridi. Chukua kituo cha watoto 30: ukikadiria lita moja kwa kila mtoto ya kunywa na ya uji, ni lita 30 kwa siku, dumu moja na nusu. Tangi la lita 2,000 likitumika kwa kunywa na kupikia tu linafika siku 66 za masomo, zaidi ya miezi mitatu. Likijazwa masika linaivusha Agosti. Maji ya kwanza ya msimu yamwagwe, kwani yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege kilicho juu ya bati, na yale ya kunywa yachemshwe kama kawaida. Ombi la tangi na mifereji ya bati lina nafasi nzuri ya kukubaliwa mkutanoni kuliko hotuba ndefu kuhusu haki ya maji safi.

Barua inayojibiwa na barua inayotupwa

"Walimu wa pale wananyanyasa watoto" ni sentensi inayotupwa. Ofisa hawezi kuifanyia kazi: haina siku, haina mahali, haina kitu cha kukagua. Barua inayojibiwa ni ya ukurasa mmoja. Inataja jina la kituo na mtaa, tarehe na saa, kilichoonekana kwa macho, kifungu kinachovunjwa, na kitu kimoja kinachoombwa, pamoja na siku ambayo mwandishi atarudi kufuatilia. Mfano: "Tarehe fulani, saa 6 mchana, watoto 41 walikuwa chumba kimoja chenye mlango mmoja, dirisha limepigwa nondo, na mlezi mmoja. Tunaomba ukaguzi ndani ya siku 14." Andika nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Bila mhuri huo, miezi miwili baadaye barua "haikufika".

Anza na mwenye kituo au mwalimu mkuu, isipokuwa jambo lenyewe ni ukatili. Likikwama, nenda kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, halafu kata, halafu ustawi au elimu halmashauri kulingana na cheti. Ustawi wakipokea taarifa ya kifungu cha 95, humwita mlalamikiwa na kujadiliana naye, na akikaidi jambo linaweza kufika mahakamani. Kundi la wazazi watano waliosaini hupata jibu haraka kuliko mmoja mwenye hasira. Na kama ni usafiri, kwa mfano watoto 25 kwenye Noah, usingoje barua ijibiwe. Aprili 2024 basi dogo la shule lilisombwa na maji Arusha na wanafunzi wakafa. Msimu wa mvua, swali la nani anaamua gari lisivuke korongo liulizwe siku ya kuandikisha.

Usirushe picha ya mtoto kwenye kundi la WhatsApp. Unamvunjia haki yake ileile unayoidai, na unamwonya anayetuhumiwa ajiandae.

Usikimbilie pia kudai kituo kifungwe. Hapa ndipo yule mama wa nyumba ya tatu anaporudi. Akifungiwa leo, watoto wake kesho hawaendi kwenye kituo bora. Wanafungiwa ndani na kaka wa miaka saba, au wanalala chini ya meza ya nyanya sokoni. Sheria ya ajira inampa mama aliyeajiriwa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha, lakini muuza ndizi wa Kiboriloni hana mwajiri wa kumdai. Dai lenye akili kwa mama yule ni asajiliwe, apewe muda na masharti yanayotekelezeka: idadi ya watoto ipungue, jiko liwe mbali na chumba cha kulala, kuwe na milango miwili, orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua kila mtoto, na kadi za kliniki zionwe. Kituo chenye hatari ya wazi, hicho kifungwe siku hiyohiyo.

Ukatili wa kingono hauna ngazi za barua. Nenda moja kwa moja hospitali na polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto asiogeshwe, nguo zisifuliwe, zifungwe kwenye karatasi na siyo mfuko wa plastiki. Afikishwe hospitali ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa za kuzuia VVU hazifai baada ya hapo, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Matibabu kwanza, fomu ya polisi ya PF3 isimcheleweshe. Asihojiwe na kila shangazi anayefika. Mtu mmoja amsikilize, aandike maneno yake yaleyale, bila kumtajia jina la mtu. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bure. Kikao cha kifamilia cha kumalizana kwa mbuzi au fedha hakifuti kosa la jinai, na wanaokiitisha waambiwe hivyo waziwazi.

Hela iko wapi

Mikataba ya lishe ambayo wakuu wa mikoa walitiliana saini na serikali inazitaka halmashauri zitenge shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5, kutoka mapato yao ya ndani. Mkataba mpya ulisainiwa Septemba 2022, unafika hadi 2030. Hesabu ni nyepesi. Halmashauri yenye watoto 30,000 wa umri huo inatakiwa itenge milioni 30. Mwulize diwani mambo mawili tofauti, zimetengwa ngapi na zimetolewa ngapi, maana pengo huwa katikati ya hayo mawili. Kwa taifa zima, utafiti wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, hivyo hakuna diwani atakayesema jambo hili ni dogo.

Wakati nao una kazi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mipango ya ngazi ya chini hukusanywa miezi mingi kabla, na kufikia Februari au Machi makisio ya halmashauri huwa yameshapita mezani. Ombi la tangi au mwalimu wa awali likiletwa Mei linapongezwa na kuwekwa kwenye faili. Lipeleke kwenye mkutano wa mtaa mwishoni mwa mwaka, hakikisha limeingia kwenye muhtasari, kisha mfuate diwani kabla ya kamati ya maendeleo ya kata kukaa.

Mtoto mwenyewe anasemaje

Kifungu cha 11 hakisemi mtoto asubiri afikishe miaka kumi. Ila mtoto wa miaka minne ukimkalisha na kumuuliza "unaipenda shule?" atajibu ndiyo, hasa mwalimu akiwa amesimama hapo. Mwombe akutembeze. "Nipeleke unapopenda kucheza. Nipeleke usipopenda kwenda." Tembea nyuma yake, usiongoze, usimsahihishe. Watoto wanne au watano, mmoja baada ya mwingine, dakika kumi kila mmoja, halafu linganisha walikosimama. Michoro pia husaidia, ilimradi umuulize amechora nini badala ya kukisia.

Usishangae wengi wakikupeleka chooni na kusimama mbali. Tundu limejengwa kwa hatua ya mtu mzima, ndani giza, komeo liko juu wasikofika, kwa hiyo wanajizuia tangu saa mbili asubuhi hadi wafike nyumbani, na anayeshindwa anajiloweshea akachekwa. Mkaguzi alihesabu matundu, akaandika kwamba yanatosha. Kifuniko cha mbao chenye tundu dogo, bati moja linalopitisha mwanga na komeo lililoshushwa hadi usawa wa kifua cha mtoto ni kazi ya fundi ya siku moja.